Tega sikio: michezo ya kubahatisha sauti kabla ya daftari

Kama nyumbani una mtoto wa miaka minne au mitano, daftari lisubiri kidogo. Herufi atazishika upesi masikio yake yakishazoea kusaka sauti ndani ya maneno, na msako huo hauhitaji meza. Unafaa mkimenya matoke, au mkingoja maji yachemke kwenye sigiri, jiko letu la makaa.

Hapa kwetu Bombo, Uganda, tunauanza kama kitendawili. Nasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!" Wakija watoto wa jirani tunasema kwa Luganda "Kkoyi kkoyi!" na wao "Lya!" Kisha natega: "Nakiona kitu, kinaanza na ssss." Sufuria? Sabuni? Sahani? Kila jibu lenye sauti hiyo nalipokea kwa shangwe, hata kama mimi niliwaza sigiri. Halafu zamu inahama, mtoto anatega na mimi nabahatisha. Zamu hiyo usiinyime kamwe, kwa sababu anayetega ndiye anayelazimika kuisikiliza sauti kwa makini zaidi.

Tamka sauti yenyewe, siyo jina la herufi. Ukisema "esi", mtoto atatafuta vitu vya e. Anza na s, f, z, n na l, ambazo unaweza kuzivuta mpaka pumzi iishe. B, t na k hukatika mara moja mdomoni, kwa hiyo hizo mpe pamoja na irabu: "kinaanza na ba". Kiswahili kinakusaidia sana hapo, maana irabu zetu tano hazibadiliki sauti.

M inataka uangalifu. Mtoto, mti, mlango, mkate, mwiko: nusu ya nyumba inaingia! Ongeza dokezo, "kinaanza na mmm, na kinafunguliwa asubuhi." Kwenye ndizi na mbuzi, akisema n au d, m au b, mkubalie kwanza, sikio lake limekamata kitu cha kweli.

Kwa watoto wanaokua na Luganda, kazi kubwa ni l na r. Luganda huandika r baada ya e na i, na l kwingineko, kwa hiyo sikio halijazoea kuzitenga. Mimi huchora picha mbili, kalamu na karamu ya watu wanaokula. Namnong'oneza moja, aguse picha yake. Akikosea simsahihishi kwa ukali, narudia tu polepole.

Wazazi wengi huuliza kama Kiswahili cha nyumbani hakitamvuruga shuleni, kwa kuwa tangu 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu unataka lugha ya eneo, kisha Kiingereza kinashika darasa la nne. Naamini hakimvurugi. Sabuni, kwa Kiswahili, kwa Luganda na kwa Kiingereza, inaanza na s ile ile. Herufi ya kuchelewesha ni c: Luganda huisoma kama ch yetu, Kiingereza mara k, mara s.

Akishabahatisha bila kusita, kusanya vizibo vya soda na uandike herufi juu yake. Anza na s, m na a. Achomoe kimoja kikapuni, aitamke sauti, kisha akimbie kuleta kitu kinachoanza nayo. Herufi mpya iingie kikapuni pale tu hizo tatu anapozitamka bila kukutazama usoni.