Freshi sio lazima iwe salama

Kaka uliyesema kitu kikitoka shambani leo leo ndo afya tosha, kwa embe na mchicha sikubishii lakini si kila kitu bwana. Muhogo hata uung'oe asubuhi hii hii hapa Malindi, ukiutafuna mbichi, hasa ule mchungu, una vitu vinavyotoa sayanaidi, sumu kali, tumboni, mpaka uumenye uuchemshe sawasawa ndo utie tui (ule mchungu kuchemsha tu hakutoshi, lazima kwanza uroweke au uuvundike na kuukausha). Maziwa nayo, yametoka kukamwa sasa hivi bado yana povu na joto mtu anapiga bilauri nzima, hapo ndo bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, inapopatikana, homa inakwenda inarudi viungo vyauma na wewe unameza dawa za malaria tu, wakati yangechemshwa kwanza yakagandishwa mtindi yangekuwa salama na hata tumbo lisilopenda laktosi, ile sukari ya maziwa, lingeyapokea vizuri zaidi. Nyanya ikipikwa na mafuta kidogo laikopini yake, kile kirutubisho cha rangi nyekundu, inaingia mwilini kwa urahisi kuliko mbichi (vitamini C inapungua, sikatai). Na jodari "wa leo" aliyeshinda juani bila barafu tangu alfajiri muachie mwenyewe, histamini, sumu inayojitengeneza samaki akikaa kwenye joto, ikishajaa hata umkaange akauke haitoki, bora wa friza aliyegandishwa mapema.