Kabla hujasaini mkataba wa Bahrain

Ndugu zangu, mmeuliza kama Bahrain ni salama kwa kazi, na kwa nini watu wa nchi yenye mafuta waliingia barabarani mwaka 2011. Nitajibu yote mawili pamoja, maana hayatengani.

Ian Henderson, ofisa wa polisi wa kikoloni aliyeongoza msako wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mwaka 1956, alifukuzwa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1966 alikabidhiwa usalama wa Bahrain, iliyokuwa bado chini ya Waingereza. Uhuru ulikuja Agosti 1971. Yeye akabaki kazini hadi 1998. Sheria ya usalama ya 1974 iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini miaka mitatu bila kesi. Wabunge walipoipinga, bunge likavunjwa mwaka 1975. Mkenya aliyesimuliwa na wazee wake habari za hali ya hatari ya 1952 hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2001, lakini waliokusanyika kwenye mzunguko wa Lulu, Manama, mwezi Februari 2011 walimkuta waziri mkuu yuleyule wa tangu uhuru. Walidai katiba mpya na serikali ya kuchaguliwa. Machi 14 majeshi ya Saudi Arabia yakavuka daraja la baharini kuingia Bahrain kuisaidia serikali. Siku nne baadaye mnara wa lulu uliosimama katikati ya mzunguko huo ukabomolewa, na zege likamwangukia mwendesha kreni, mhamiaji aliyekuja kutafuta riziki kama sisi. Alikufa. Hata sarafu ya fils 500 yenye picha ya mnara huo iliondolewa.

Sasa upande wako. Kinachoweza kukuponza ni simu. Usipige picha za maandamano, askari wala maandishi ya ukutani, na usisambaze ulizotumiwa. Ukifukuzwa nchini, deni la wakala linakungoja nyumbani. Kukizuka fujo kwenye maeneo ya Washia kama Sitra, Sanabis au Diraz, baki ndani, ziba upenyo wa mlango kwa kitambaa chenye maji, maana moshi wa vitoa machozi huingia hadi vyumbani.

Kazi ya ulinzi ndiyo ya kuchunguza zaidi. Uliza: nalinda duka, au naingia polisi? Serikali imekuwa ikiajiri askari kutoka Pakistan, Jordan na Yemen, huku vijana wa Kishia wa hapo hapo, madhehebu yasiyo ya watawala ambao ni Wasunni, wakinyimwa nafasi hizo. Ni kidonda kibichi. Mkataba ukitaja kikosi cha usalama, kataa, hata mshahara uwe mara mbili.