Friji ya betri dago: joto letu si lile la kwenye video

Kila kaskazi ikikaribia sikosi kijana anayekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, wa kuniuliza: "Ami, friji ya kubeba ninunue ipi?" Wengi wameshatazama video za watu wanaolala jangwani, friji nyuma ya gari, vinywaji vinatolewa vinafuka ubaridi. Mie kabla ya kujibu huuliza kwanza: unataka ikupozee vitu, au ikutunzie vilivyokwisha poa? Kwa joto la Pemba na Unguja hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali, na friji ya betri hulimudu kwa raha hilo la pili tu.

Friji haitengenezi baridi. Joto linapenya ndani kutoka kila upande, nayo inalichota na kulimwaga nje, kama baharia anayefua maji chomboni kwa upo, kile kidude cha kuchotea maji. Chombo kikivuja kidogo, upo mmoja unatosha. Ukitia friji katoni za soda zilizoshinda juani, umetoboa chombo mwenyewe.

Hesabu yake haina ugumu. Lita 20 za maji na soda zenye nyuzi 30, ili zishuke hadi 5, lazima zitolewe joto la karibu wati-saa 580 (wati-saa ni kipimo cha nishati, ya joto au ya umeme). Kompresa, yaani pampu ya friji, huhamisha joto zaidi ya umeme inaokula, basi tuseme itakula wati-saa 400. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, volti 12, ina wati-saa 1,200, na haitaki kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo unazoweza kutumia ni 600, na theluthi mbili yake imekwisha kwa soda kabla hata mshipi haujatiwa majini. Sasa tazama barafu: kilo moja ikiyeyuka inameza karibu wati-saa 93 za joto. Kilo 6 zinafanya kazi ile ile nzima bila kugusa betri.

Ndiyo maana sijaacha deli langu, lile sanduku la barafu, nyumbani hata baada ya kupata friji. Wenzangu wakiniona nashusha vyote viwili chomboni wananicheka, lakini kila kimoja kina kazi yake. Deli linachukua barafu, soda, na samaki. Friji inachukua maziwa, nyama, siagi na dawa, yaani vitu visivyotaka kulowa wala kupanda joto. Usiku wa kuamkia safari naiwasha friji nyumbani kwa umeme wa ukutani, na nyama na chupa za maji zinakuwa zimeshaganda kwenye friza. Asubuhi inapotoka nyumbani ina baridi ndani na imejaa. Ijae kweli, kwa sababu nafasi tupu ni hewa, na hewa hubadilishana kila ukifunua. Pakibaki upenyo, tia chupa ya maji yaliyoganda. Yakiyeyuka utayanywa.

Nirudi kwenye zile video. Jangwani mchana ni mkali kuliko kwetu, sikatai, lakini jua likitua baridi inashuka na friji inapata saa nane, kumi za kupumzika. Kwetu Februari na Machi mchana ni nyuzi 32, 33 kivulini, na usiku unaweza kubaki 25 au 26, na unyevu juu yake. Friji haipati usiku. Mtu akikwambia yake inakula kiasi fulani kwa siku, muulize kwanza alikuwa wapi na alilala na blanketi au bila. Unyevu nao una adha yake: kila ukifunua, hewa mbichi inaingia, inaganda kwenye kuta za ndani, na barafu hiyo ya kuta inazuia ubaridi kufika kwenye chakula. Kwa hiyo funika vyombo vyote, na ikiwezekana nunua friji inayofunguka juu. Hewa baridi ni nzito, inatulia chini hata kifuniko kikiwa wazi. Ya mlango wa mbele huimwaga yote miguuni mwako.

Palipo na makosa mengi kuliko yote ni pahali pa kuiweka. Joto lililotolewa ndani linatokea kwenye matundu ya ubavuni, kwa feni ndogo. Ukiisukuma friji mpaka ukutani, au ukaiweka hemani, au ukairundikia nyavu na magunia, joto lile lile linarudi kuzunguka, na kompresa haizimi tena. Unafua maji na kuyamwaga ndani ya chombo. Acha nafasi ya kiganja kizima upande wa matundu, na zaidi ukiweza. Banda la makuti lililo wazi pande zote ndilo mahali pake hasa: kivuli juu, upepo unapita. Gari lililofungwa juani ndilo baya kuliko yote, maana ndani joto hupita nyuzi 50, na friji nyingi zimeundwa kwa hewa isiyozidi 43.

Hiyo 43 inatoka kwenye kibandiko nyuma ya friji, ambacho wanunuzi hawakisomi. Tafuta herufi. N ni kwa hewa ya hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji zilizotumika zilizotoka nchi za baridi nyingine ni N, na N kwa mchana wetu wa kiangazi imeshafika ukingoni kabla hujaiwasha. Chukua T.

Zile ndogo za bei rahisi zisizo na kompresa, ambazo ndani zina kisahani cha umeme na feni tu, kwa uwezo wao wote hushuka kama nyuzi 20 chini ya hewa ya nje. Nje 33, ndani 13. Zinafaa kumpelekea mtoto maji shuleni. Za gesi hazipigi kelele, lakini zinataka kusimama sawasawa, na mashua hailijui hilo.

Tuje kwenye umeme. Paneli ya wati 100 kwa jua letu zuri hutoa wati-saa 400 hadi 500 kwa siku. Paneli nayo huchoka kwa joto: ikichemka juu ya bati inapoteza sehemu ya nguvu zake, kwa hiyo iinue kidogo upepo upite chini. Friji ya lita 40 yenye vitu vilivyokwisha poa, ikiwa kivulini, paneli hiyo inaiendesha vizuri siku za jua. Mawingu ya masika yakitanda ongeza paneli au punguza safari.

Halafu kuna ugonjwa ambao mafundi wengi wanaushika vibaya: betri imejaa, friji inawaka na kuzima. Mara nyingi friji haina kosa, ni waya. Kompresa inavuta ampea 5 hivi. Waya wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Betri ina 12.3, friji inaona 11.4, inadhani betri imekwisha na inajizima. Tumia waya wa milimita 4 ya mraba, upotevu unashuka hadi volti 0.2. Tia na fyuzi karibu na betri. Friji nyingi zina kinga ya betri ya ngazi tatu. Ngazi ya juu ni ya betri ya gari, ili gari liweze kuwaka asubuhi. Ukiwa na betri yako ya pembeni teremsha ngazi. Soketi ya sigara ya gari, kwa maoni yangu, ni ya kuchajia simu.

Wapo wanaoishusha friji mpaka baridi ya kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, wakidhani ndiyo faida ya pesa zao. Kwa nje 33 na ndani 4, friji inapambana na tofauti ya nyuzi 29. Ukitaka 18 chini ya sifuri, tofauti inakuwa 51. Betri itakwisha kabla ya alfajiri. Weka 3 au 4, na uamini kipimajoto kidogo ulichokiweka katikati ya vyakula kuliko namba za kioo cha friji, ambazo hupimwa karibu na ukuta.

Kuhusu samaki sifanyi mzaha. Wazee wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba, walipiga dago mpaka mwambao wa Tanga na Mombasa bila friji yoyote, lakini walitia chumvi, wakaanika, wakala ng'onda. Sisi tunataka samaki mbichi wa siku mbili. Jodari, nguru na vibua wakikaa na joto hutengeneza histamini, sumu inayomfanya mtu awe mwekundu usoni, kichwa kimgonge na moyo umwende mbio, na kuwapika sana hakuiondoi. Samaki huyo hana harufu mbaya, anaonekana mzima. Basi jodari akitoka majini mtoe matumbo, muoshe, umzike kwenye barafu saa ile ile, barafu chini, barafu juu. Friji ni polepole mno kwa samaki mzima mwenye joto la bahari, nayo itapandisha joto la vyote vilivyokuwamo.

Kwa wenye wagonjwa wa sukari: insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Itie kwenye kopo, ikae juu katikati, isiguse ukuta wala chupa za barafu.

Ukirudi, futa matundu na feni kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi, kwa sababu chumvi inakula shaba na aluminiamu taratibu bila kelele. Pangusa ndani kwa maji ya limau, uiache kifuniko wazi. Kama ililazwa ubavu chomboni, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Na siku ya kununua nenda saa nane mchana, si asubuhi. Chukua kipimajoto chako na chupa mbili za maji ya bomba. Mwambie muuzaji aiwashe kwa betri, si kwa umeme wa ukutani, na utulie hapo saa moja na nusu ukisikiliza kompresa na kutia mkono kwenye matundu: hewa itokayo iwe ya moto, la sivyo hapana joto linalotoka ndani. Akisema hana muda huo, maduka ya Darajani, mjini Unguja, yamefuatana.