Ramani ya tovuti si dawa ya mvuto

Karibu maswali yote ya safari hii yanahusu ramani ya tovuti, lile faili la XML linaloorodhesha anwani za kurasa ili roboti wa Google na wenzake wajue zilipo. Inaelekea kuna mafundi wanaopita huku Kusini wakiliuza kama dawa ya mvuto. Wanaoumia ni watu wenye biashara ndogo, na hilo linanikera.

Nina nyumba ya wageni Mikindani, tovuti ni ya WordPress na ina kurasa sita. Fundi anataka shilingi 150,000 anitengenezee ramani. Nimlipe? (Mikindani)

Usimlipe. Umesema tovuti yako ni ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Tangu toleo la 5.5, Agosti 2020, WordPress huitengeneza ramani yenyewe. Andika anwani ya tovuti yako, ongeza /wp-sitemap.xml mwishoni, utaikuta. Google wenyewe wanasema tovuti yenye kurasa zisizozidi 500 hivi, ambazo zote zinafikika kwa viungo kuanzia ukurasa wa mwanzo, huenda isihitaji ramani kabisa. Wewe una sita, na zote zipo kwenye menyu.

Kinachokuangusha ni kingine: bei za vyumba umeziweka ndani ya picha. Ziandike kwa maneno. Kisha jisajili kwenye Google Maps, ni bure, maana mgeni aliyeshuka stendi na simu mkononi huangalia huko kwanza.

Nimeweka ramani wiki mbili zilizopita, mbona sipo ukurasa wa kwanza? (Nachingwea)

Ramani haimpandishi mtu nafasi. Inaonyesha kurasa zilipo, basi. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, tafadhalini someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

Tunabangua korosho. Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoziona kurasa zake, inasema ramani imepokelewa salama na kurasa 212 zimegunduliwa, lakini nyingi hazijaingizwa kwenye faharasa, yaani orodha ambayo Google hutolea majibu. Nimeituma upya mara kumi bila mafanikio. (Newala)

Acha kuituma. Wewe ni mtu wa korosho, utanielewa haraka: ramani kupokelewa ni sawa na kupewa stakabadhi ghalani. Mzigo umefika na umeandikwa, lakini mnada bado. "Imegunduliwa" maana yake Google anaijua anwani ila hajaitembelea. Kuna hali nyingine, ya ukurasa uliotembelewa kisha ukaachwa nje. Hapo roboti amesoma, na mtambo haukuona sababu ya kuuweka. Tazama kwa makini kila ukurasa uko kundi gani.

Nimefungua kurasa zako, na nakuambia ukweli kwa sababu natamani biashara yako isimame. Kurasa karibu 180 ni maneno yale yale, limebadilishwa jina la mahali tu: korosho bora Tandahimba, korosho bora Nanyamba, korosho bora Masasi. Hiyo inavunja kanuni za Google dhidi ya taka, na inaweza kuishusha tovuti nzima. Zifute, hata kama aliyekuuzia wazo hilo atalalamika.

Badala yake andika kurasa kumi za mambo unayoyajua kuliko mtu wa mjini. Mnunuzi anatafuta korosho za daraja la W320, anataka kujua kwamba ni punje 300 hadi 320 kwa ratili moja, inatofautianaje na W240, unafungashaje, unyevu unaudhibiti vipi, oda ndogo kabisa ni kilo ngapi. Ziunganishe kurasa hizo kwa viungo, kila moja ielekeze kwa mwenzake. Ukurasa usio na kiungo hata kimoja ndani ya tovuti yako mwenyewe, ukatajwa kwenye ramani peke yake, unamwambia Google kwamba hata wewe huujali.

Kwenye ramani, fundi ameweka "priority" (umuhimu wa ukurasa) 1.0 kila ukurasa, na tarehe ya "lastmod" (lini ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho) inajibadilisha kila siku. Ni sawa? (Lindi mjini)

Si sawa. Google haitazami "priority" wala "changefreq", ile ya kusema ukurasa hubadilika kila baada ya muda gani. "Lastmod" huitumia, ila pale tu inapoona tarehe zinasema kweli. Ukidanganya kila siku, hata siku utakayobadilisha bei kweli hutaaminiwa.

Tunatembeza wageni Kilwa Kisiwani. Ramani ipo, lakini Google haina hata ukurasa wetu mmoja. (Kilwa Masoko)

Ingia kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya usomaji. Kuna kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiingize tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, wakakabidhi kazi bila kukiondoa. Nimeiona mara nyingi, na chako ndicho nakishuku. Kagua pia faili la robots.txt, linalowaambia roboti wapi wasiingie, kama halijafunga mlango.

Halafu andikeni, ndugu zangu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, hapa hapa Lindi, ilichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913 ikapelekwa Berlin, na hadi leo wanaoisimulia zaidi ni watu wa mbali. Ninyi mnajua maji yanakupwa saa ngapi, boti inaondokea wapi, kibali kinachukuliwa ofisi gani. Yawekeni kwa Kiswahili na kwa lugha ya mgeni, kila lugha ukurasa wake.

Nimenunua programu ya kuipigia Google hodi kila saa ramani inapobadilika. (Masasi)

Google ilitangaza Juni 2023 kwamba inaufunga mlango huo. Iondoe. Andika anwani ya ramani ndani ya robots.txt, uiwasilishe mara moja Search Console, inatosha.

Tovuti yetu ya matangazo ya nyumba na viwanja imefika kurasa 60,000. Ramani inakataliwa. (Mtwara)

Hapa ndipo ramani inapofanya kazi ya maana, kwa sababu tangazo la leo linaweza kuzama kurasa arobaini ndani kabla roboti hajalifikia. Faili moja halipaswi kuzidi anwani 50,000 wala MB 50 kabla ya kubanwa. Yagawe: nyumba faili lake, viwanja faili lake, kisha yaorodheshe kwenye faili moja la juu na uwasilishe hilo. Viwanja vilivyokwisha kuuzwa vitoe kwenye ramani, na kurasa zake zijibu 410, yaani "ukurasa umeondolewa kabisa", badala ya kumrudisha mtu ukurasa wa mwanzo.