Mchango wa kampeni hugeuka hongo wakati gani?

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio, na mimi ndiye ninayelipa bili ya umeme nyumbani kwetu. Nimesoma kwamba aliyekuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu alifungwa miaka 20 kwa ajili ya fedha ambazo upande wake ulidai ni michango ya kawaida ya kisiasa. Makampuni huwasaidia wanasiasa kila uchaguzi na hakuna anayekamatwa. Sheria hutumia kipimo gani kutofautisha mchango na hongo? Kwa nini fedha hizo hazikuonekana katika taarifa za kampeni? Na je, bado ninailipia katika bili yangu sheria iliyopitishwa kwa fedha hizo?

JIBU: Mahakama za Marekani hutafuta makubaliano. Fedha zikitolewa kwa sharti kwamba mwenye madaraka atafanya, au ataacha kufanya, jambo fulani la kiofisi, hapo ni hongo, hata kama zimepitia akaunti ya kampeni na kuandikiwa risiti. Msingi huu uliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1991 katika shauri la Robert McCormick, mjumbe wa bunge la West Virginia aliyepokea fedha kutoka kwa mshawishi aliyewawakilisha madaktari waliosomea nje ya nchi, ambao walihitaji sheria ya kuwaruhusu kuendelea na kazi. Mahakama ilieleza kwamba kila mwanasiasa huomba fedha kwa watu ambao huenda wakanufaika na kura yake, hivyo manufaa peke yake hayawezi kuwa ushahidi. Lazima iwepo ahadi iliyo bayana. Mwaka uliofuata, katika shauri la Evans kutoka Georgia, Jaji Anthony Kennedy aliongeza kwamba ahadi hiyo si lazima itamkwe, kwa kuwa wahusika wangeikwepa sheria kwa kukonyezana tu. Ndiyo maana waendesha mashtaka huisoma ahadi katika mwenendo: nani alikutana na nani, fedha ziliingia lini, na mswada ulifika bungeni lini.

Shauri la Ohio linafundisha zaidi ya mengine yote ninayoyafahamu, kwa sababu mfuatano wake wa tarehe unajieleza wenyewe. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ya Akron ilikuwa na vinu viwili vya nyuklia kando ya Ziwa Erie, Davis-Besse na Perry, ambavyo kampuni ilitaka viokolewe kwa fedha za wateja. Januari 2017 Larry Householder, aliyekuwa amerejea bungeni akiutaka uspika, alisafiri kwa ndege ya kampuni hiyo kwenda Washington kwenye sherehe za kuapishwa kwa rais. Februari ikasajiliwa taasisi iitwayo Generation Now, ambayo Householder aliidhibiti kwa siri, na kuanzia Machi kampuni ikawa inaingiza humo dola 250,000 kila robo mwaka. Mwaka 2018 fedha hizo ziliwabeba wagombea ambao walitarajiwa kumpigia Householder kura ya uspika; Januari 2019 akaupata; Aprili mswada namba 6, wa kuviokoa vinu hivyo, ukawasilishwa, na Julai gavana akautia saini. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria ipigiwe kura ya maoni, fedha za mfereji uleule zililipia matangazo ya kuwatisha watu kwamba China ilikuwa ikiunyemelea umeme wa Ohio. Kwa jumla zilipita takriban dola milioni 60, kwa sheria iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.3.

Householder alijitetea kwamba aliiamini sheria ile kwa dhati. Wasomaji wengi huona utetezi huo una uzito, lakini kisheria haumwokoi mtu: anayeuza kura ambayo angeipiga bure bado ameiuza. Baraza la wazee wa mahakama lilioneshwa pia kwamba zaidi ya dola 500,000 zilimnufaisha yeye binafsi, zikiwemo za kulipa madeni na kutengeneza nyumba yake ya Florida. Kampuni yenyewe ilikiri makosa Julai 2021 katika mapatano na waendesha mashtaka na kukubali kulipa dola milioni 230. Householder alipatikana na hatia Machi 2023, akahukumiwa Juni mwaka huohuo, na mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 2025.

Kuhusu swali lako la pili, sheria ya Ohio hairuhusu kampuni kumpa mgombea fedha moja kwa moja. Generation Now iliundwa chini ya kifungu cha 501(c)(4) cha sheria ya kodi, kinachohusu taasisi za ustawi wa jamii, ambazo huruhusiwa kushiriki siasa kwa kiasi fulani bila kuutangazia umma majina ya wanaozichangia. Mtu aliyefungua taarifa za kampeni katika ofisi ya Katibu wa Jimbo wakati ule aliweza kuona jina la taasisi au la kamati iliyopokea fedha kutoka kwake, wala asingeliona jina la FirstEnergy. Kwa maoni yangu, kasoro hii ni kubwa kuliko tamaa ya mtu mmoja, kwa sababu njia hiyo ni halali hadi leo; kilichowafikisha watu hawa kizimbani ni makubaliano, na makubaliano hayo yalithibitishwa kwa simu zilizorekodiwa, ujumbe mfupi na washiriki waliokiri makosa, vitu ambavyo raia wa kawaida hana uwezo wa kuvipata. Niongeze kwamba mwaka 2024, katika shauri la Snyder, Mahakama ya Juu iliamua kuwa sheria kuu ya shirikisho dhidi ya hongo kwa maofisa wa majimbo na miji haihusu zawadi ya shukrani inayotolewa baada ya kazi kufanyika bila makubaliano ya awali. Uamuzi huo umeyaachia majimbo mzigo ambao mengi hayajajiandaa kuubeba.

Sasa bili yako. Tozo ya vinu vya nyuklia haikuwahi kukatwa, kwani mahakama iliizuia mwishoni mwa Desemba 2020, siku chache kabla ya kuanza, na bunge likaifuta mwaka 2021. Hata hivyo sheria ileile ilikuwa na ruzuku kwa mitambo miwili mikongwe ya makaa ya mawe, mmoja ukiwa Ohio na mwingine Indiana, na ruzuku hiyo ilibaki. Wateja wa makampuni ya kusambaza umeme yanayosimamiwa na jimbo, pamoja na wale wa Columbus, waliilipia tangu Januari 2020 hadi bunge lilipoifuta kwa sheria mpya mwaka 2025.