Maswali ya wasomaji: Viti vya enzi ya Victoria, msasa usiushike kwanza

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mama wa watoto wawili naishi Uingereza, mwezi uliopita nimenunua mnadani viti vinne vya mahogani vile vyenye mgongo wa mviringo kama puto, dalali kasema ni vya miaka ya 1860 hivi, pamoja na kiti kimoja cha mikono ambacho ukikikalia unazama mpaka chini. Vyote pauni 60. Tatizo vimekuwa vyeusi tii, viwili vinayumba, alafu jirani kaniambia nipige msasa mpaka mbao itoke nyeupe nipake vanishi mpya. Nimebakiwa na pauni 80 tu. Nianzie wapi? Mama Wawili

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hujaanza, manake wengi wanatuandikia wakati mbao imeshakwanguliwa na hapo hakuna cha kurudisha. Msasa uache kabisa kwa sasa. Ule weusi unaouona mara nyingi sio mbao, ni moshi wa makaa ya mawe wa miaka na miaka pamoja na nta iliyopakwa juu ya nta, na chini yake kuna polishi ya shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti) ambayo fundi wa enzi ile (Malkia Victoria wa Uingereza alitawala 1837 mpaka 1901) aliisugua kwa kitambaa tabaka moja baada ya jingine, nyembamba nyembamba. Hiyo polishi ndo uzuri wenyewe wa kiti, na ukiitoa umepunguza na thamani yake.

Kwanza jua una nini. Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti ile ya zambarau (methileti), gusisha mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mguu, subiri kama dakika moja. Pakianza kunata basi ni shelaki, na hiyo ni habari njema sana kwa mtu mwenye hela kidogo kwa sababu shelaki inarekebishika pale pale ilipo. Baada ya hapo safisha kwa waiti spiriti (ile ya kuzimulia rangi za mafuta, sio ya zambarau) na kitambaa cha pamba, fungua madirisha na usiwe karibu na moto. Kitambaa cha kwanza kitatoka cha kahawia kama chai iliyokolea, cha pili hivyo hivyo, ukifika cha nne au cha tano utaona ule wekundu wa mahogani unaanza kujitokeza na mistari ya mbao inatembea kwenye ule mviringo wa mgongo, na nakuambia ukweli hapo wengi wanakuta kazi ya rangi imeisha, imebaki kupaka nta ya nyuki kidogo na kusugua. Palipopasuka pasuka kama tope kavu, pitisha kitambaa chenye ile spiriti ya zambarau kidogo sana, haraka, bila kurudia rudia, shelaki inalainika na kujishika upya. Usiimwagie, ukiimwagia inatoka yote.

Mi mwenyewe nilipokuwa naanza kazi nilipiga msasa meza moja ya walnuti nikidhani ni mbao nzima, kumbe juu ni vinia, yani ganda jembamba la mbao lililobandikwa, ikatoboka katikati kabisa. Inaniuma mpaka leo.

Vile vinavyoyumba, tafadhali usivipige misumari wala usitie ile gundi nyeupe ya kisasa. Viti hivi viliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama ambayo inalainika kwa maji ya moto, yani kiungo kinafunguka, unakisafisha, unakifunga tena, na mtu wa baadae naye ataweza. Gundi nyeupe ikishaingia, nyingine haishiki vizuri juu yake. Ingiza maji ya moto kwenye kiungo kwa bomba la sindano bila kugusa polishi (maji yanaacha alama nyeupe), chomoa taratibu, kwangua gundi ya zamani. Mpya inauzwa punje punje, unailoweka kwenye maji baridi kisha unaipasha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, nyuzi 60 hivi, isichemke manake ikichemka inapoteza nguvu. Kama huna klampu (kibano cha kubana mbao) zungusha kamba, kaza kwa kijiti, acha mpaka kesho.

Sasa kile cha mikono ndo kitakula hela yako, na ni sawa, weka huko sehemu kubwa ya zile 80. Kigeuze juu chini. Mara nyingi springi ni nzima, kilichooza ni ile mikanda ya juti iliyozibeba. Nunua mikanda mipya, ikaze sana, shonea springi juu yake, zifunge na kamba zote zishikane. Ukikuta singa za farasi ndani usitupe! Ziweke kwenye foronya, fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, zichambue kwa vidole, zitarudi kujaa, na mpya zina bei kali. Vaa barakoa, lile vumbi ni la zamani mno. Kitambaa cha juu tafuta vipande vilivyobaki dukani, kiti kimoja hakili kingi.

SWALI: Kabati langu la zamani lina vitundu vidogo vidogo, nilitupe? Msomaji, Uingereza

JIBU: Hapana, usilitupe. Vitundu vya kama milimita 2 ni njia walizotokea wadudu wa mbao, na inawezekana waliondoka zamani sana. Safisha vumbi lote, tandika karatasi nyeusi chini, acha kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane manake ndo wakati wanaotoka. Ukikuta unga mweupe mpya wapo, paka dawa ya kuua wadudu ya pemethrini upande wa ndani na chini ambako mbao haina polishi. Karatasi ikibaki safi, ziba vitundu kwa nta ya rangi ya mbao na ulitumie.