Ile Tumbaku ya Vanila Niliyokwambia Uitupe

Wiki mbili zilizopita nilikuta ujumbe kwenye simu. Nauweka kama ulivyo, jina tu ndilo nimelitoa:

"Shikamoo kaka. Mwaka jana nilikuuliza kuhusu ile tumbaku ya vanila niliyoanza nayo, ukaniambia hiyo ya watoto, niitupe nitafute tumbaku ya watu wazima. Nikaitupa. Nimejaribu mbili kati ya zile ulizotaja, nimeagiza kwa mtu aliyetoka Nairobi, bei yake acha tu. Kaka, ukweli sizipendi. Kila jioni nikishika kiko naikumbuka ile ya mwanzo. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukuandikia jibu la mistari miwili nikashindwa. Nikarudi nyuma kutafuta nilichokuandikia mwaka jana, na kweli nimekuta neno "watoto" limo, tena na alama ya kucheka pembeni. Nimeona aibu. Nitakueleza ni kwa nini, na wengine mnaovuta kiko mkae karibu, maana najua wengi wenu mnataka kufika nilikokuwa nadhani nimefika.

Mimi kiko nilipewa. Mwaka 2008 nilikuwa dereva mwongoza watalii, mwaka wangu wa tatu, na mgeni mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, siku ya mwisho tukiwa njiani kutoka Ndutu alinikabidhi kiko cha gunzi pamoja na pakiti nyeupe ya Captain Black, tumbaku ya vanila kama hiyo yako. Gunzi kweli, la mahindi, limetobolewa na kutiwa mdomo wa plastiki. Nilidhani ananitania. Baadaye ndiyo nikajua kuwa kiwanda cha Missouri Meerschaum, kwenye mji mdogo wa Washington jimboni Missouri, kimekuwa kikitengeneza viko vya namna hiyo tangu 1869. Sisi huku magunzi tunachochea moto.

Basi nikavuta. Nilivuta kama gari moshi linalopanda mlima. Moshi mwingi, kiko cha moto hadi unabadilisha mkono, ndani kinakoroma kama mgonjwa, na ulimi jioni unauma mpaka chai hainyweki. Lakini ile harufu! Niliipenda ile tumbaku kwa miaka miwili na nusu, na kila mgeni aliyeniuliza atakapokuja tena aniletee nini, nilimwambia pakiti nyeupe.

Sasa lije lenyewe. 2011, Tarangire, wageni wamekaa kuzunguka moto. Kuna bwana mmoja ana mkoba wa ngozi wenye viko vitano. Nikaona, leo nimepata mwenzangu. Nikachomoa gunzi langu, nikajaza, nikawasha, nikasogea. Akavuta pua, akageukia wenzake akasema hiyo ni tumbaku ya mtu anayetaka keki lakini hana meno. Wote wakacheka. Ningevumilia, ila madereva wenzangu waliokuwa upande wa jikoni wakaomba watafsiriwe, wakatafsiriwa, na hao ndio walionicheka msimu mzima. "Bwana Keki, gari lako liko tayari?" Hadi leo kuna mtu mmoja pale Arusha nikipishana naye kwenye foleni ananipigia honi na kufanya kama anatafuna.

Tangu siku hiyo sikugusa tena pakiti nyeupe. Nikaamua nitaijua tumbaku kuliko yule bwana, na naomba mniruhusu nijisifu kidogo, maana nilijitahidi. Ninalo daftari, nimeandika humo aina 43 nilizovuta, tarehe, kiko gani, hali ya hewa. Nilinunua kwa mzee mmoja kiko cha jiwe jeupe kilichotengenezwa hapahapa Arusha, vile vilivyokuwa vikiitwa Kiko na kuwekwa alama ya tembo, jiwe lake likitoka bonde la Amboseli. Nilijua kwamba viko vingi vya mbao hutokana na kisiki cha mti uitwao Erica arborea unaotoka nchi za Mediterania, na kwamba mti huohuo unaota hata kule juu Kilimanjaro, wapagazi wanaupita kila siku. Wageni wakaanza kuniletea makopo: Full Virginia Flake ya Samuel Gawith kutoka Kendal, Uingereza, Nightcap ya Dunhill, tumbaku za Kidenmaki. Nikawa mtu wa kuulizwa. Na mtu wa kuulizwa, akiwa bado ana kidonda, ni hatari. Ulipokuja wewe na vanila yako nilikufanyia kilekile nilichofanyiwa mimi pale Tarangire.

Kwa hiyo baada ya ujumbe wako nikatafuta pakiti nyeupe. Kuipata haikuwa shida, mwenzangu mmoja alikuwa na yake haijafunguliwa. Usiku huo nikakaa barazani, Julai hii, baridi ya Arusha mnaijua.

Safari hii nilifanya tofauti. Nilipoifungua nilibana kidogo kati ya vidole viwili, ikashikamana ikabaki donge. Imelowa. Tumbaku nyingi za namna hii hutiwa kitu cha kushika unyevu, propilini glaikoli, ili isikauke dukani. Ukiwasha hivyohivyo unavuta mvuke, na mvuke ndio unaounguza ulimi. Nikaitandaza juu ya gazeti, nikaenda kula, nikarudi baada ya saa nzima. Nikabana tena, ikaachia yenyewe. Nikajaza kwa ule mkono wanaoufundisha wazee wa kiko: kwanza wa mtoto, halafu wa mama, halafu wa baba, yaani chini ulegee na juu ukaze. Nikawasha, ikainuka, nikaishindilia taratibu, nikawasha mara ya pili. Kisha nikavuta kama mtu anayepoza uji kwenye kijiko.

Mke wangu alikuwa ndani. Akaita, "Umerudi kwa ile nzuri?" Miaka yote hii hakuwahi kuniambia kwamba aliipenda. Zile za daftari, kumbe, alikuwa anazivumilia.

Mwanzoni ilikuwa vanila tupu. Lakini kiko kilipofika katikati, vanila ikapungua, na chini yake nikakuta vitu ambavyo miaka ile ulimi ulioungua usingeweza kuvionja. Kulikuwa na karanga za kukaanga, na uchungu mdogo wa kakao. Hiyo ni Burley, ile ambayo wakulima wetu wanaiita tumbaku ya hewa kwa sababu hukaushwa kwa upepo tu, polepole, hadi sukari yake karibu yote inaisha. Halafu ikaja nyingine, tamu, ya nyasi na mkate, nikaacha kuvuta kabisa. Nimekaa na kiko mkononi hadi kikazima.

Mimi ni mtoto wa Urambo. Mnaojua historia mnajua ni pale Waingereza walipokuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947 ukawashinda, na baadaye tumbaku ndiyo ikashika. Baba alilima tumbaku ya mvuke, ile aina iitwayo Virginia. Jani likichumwa linafungwa kwenye fito, linapandishwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, na moto unawashwa kwenye tanuru nje, joto linapita ndani kwa bomba, moshi hauligusi jani. Siku za kwanza joto ni dogo, jani linageuka manjano. Hapo ndipo baba alikuwa hapati usingizi. Ukizidisha moto mapema, rangi ya kijani inabaki na daraja limeshuka. Ukichelewa, linaungua kahawia. Analala kwenye mkeka mbele ya tanuru, kila saa anaamka anachungulia kipimajoto kwenye kidirisha kidogo kwa tochi. Nilikuwa nampelekea uji. Siku ya tatu au ya nne, ukifungua kidirisha kile, hewa inayokupiga usoni ina utamu fulani, kama mkate ambao bado uko kwenye oveni pamoja na nyasi zilizolala juani. Kuanzia hapo joto linapandishwa jani likauke, kisha kikonyo, hadi nyuzi 70, na ule utamu unafungiwa humo humo.

Ndiyo ilikuwa kwenye kiko changu. Sidai kwamba jani lile limetoka Urambo. Nasema nililelewa na harufu ile, nikapewa kiko chenye harufu ile, nikavuta miaka miwili na nusu nisiitambue kwa sababu nilikuwa navuta kwa pupa, halafu nikaidharau miaka mingi kwa sababu mtu mmoja asiyenijua alichekesha watu.

Nikapata hamu. Kesho yake nikarudia zote za mwanzo.

Ile ya cheri, ya pili kuipenda maishani, jina naliacha. Nimeikausha, nimeijaza vizuri, nimeivuta polepole. Bado ni dawa ya kikohozi. Basi, hiyo imekwisha, na nilicheka mwenyewe kwamba niliwahi kumwomba mgeni anibebee pakiti tatu.

Nightcap ndiyo iliyonitatiza. Kwanza si Dunhill tena. Jina hilo liliachana na tumbaku ya kiko mwaka 2018, na mwaka uliofuata Nightcap ikarudi ikiwa na jina la kampuni nyingine, Peterson. Ina Latakia, jani linalokaushwa kwa moshi wa kuni, lenye jina la mji wa bandari wa Syria ingawa siku hizi linatoka Saiprasi. Ukifungua kopo, ni samaki wa moshi wa Kigoma. Sisi tunayo ndugu yake, tumbaku ya moshi ya Songea na Namtumbo. Niliivuta juzi, ikawa nzuri, nzuri kweli. Ila niligundua kitu ambacho sikukipenda: mwaka 2012 sikuipenda kwa ladha. Niliipenda kwa sababu watu waliondoka karibu nami nilipoiwasha. Ilikuwa silaha yangu. Mtu akiikunja pua mimi ndiye mshindi, hajui vitu huyo. Nimeivuta miaka kadhaa nikiwa nagombana na bwana mmoja aliyekwisha rudi kwao na ambaye, nina hakika, hata hanikumbuki.

Sasa ushauri, maana ndio ulioniomba. Ni mdogo.

Kausha. Usiamini pakiti kwamba iko tayari. Ibane, ikishikamana subiri.

Vuta polepole. Kikizima kiwashe tena, hakuna anayekuhesabia njiti. Kiko kikiwa cha moto shavuni, kiweke chini.

Tenga viko. Kiko kinakumbuka. Nilijaribu pakiti nyeupe kwenye kiko nilichokuwa navutia Latakia, ikatoka vanila yenye samaki. Kwa hiyo kama unarudia tumbaku ya zamani, tumia kiko kipya, au gunzi, maana gunzi ni rahisi. Langu la 2008 bado lipo, limeungua ukingoni, linavuta.

Na vuta polepole. Nalirudia kwa kuwa najua hukulisikia.

Usirudie mara moja ukahukumu. Mara tatu, jioni tofauti, usiwe umekula pilipili. Na rudi baada ya kujifunza, si kabla. Ukiirudia kwa mikono ileile utaipata ladha ileile.

Nataka pia niwaseme wakubwa wenzangu wa kiko, mtaniwia radhi. Tuna tabia mbaya. Kijana anakuja anafurahi, mkononi ana pakiti ya vanila, na sisi badala ya kumwonyesha namna ya kushindilia tunamwonyesha makopo yetu. Tunamfanya aone haya kwa kitu anachokipenda, kisha tunajiita walimu. Mwalimu gani huyo? Baba hakunicheka nilipochochea moto vibaya, alinishika mkono. Jani moja likiungua kwenye bani hasira unaimeza, maana mtoto ukimfukuza leo kesho nani atakesha na wewe? Tuache. Nimeanza mimi kuacha, na sisemi kwamba ni rahisi. Juzi tu mtu kaniuliza kuhusu ya chokoleti, nimeuma ulimi.

Na wewe usiyevuta kabisa unayesoma kwa sababu ya stori: usianze. Tumbaku haina usalama, ya kiko wala ya sigara. Baba alilima miaka thelathini na hakuiweka mdomoni hata siku moja. Kwa hilo alinizidi akili.

Mdogo wangu, nimegawa pakiti nusu kwa nusu. Yako nimeitia kwenye chupa ya jamu, nikaifunga kwa nailoni, imepanda basi la Mwanza jana alfajiri, namba ya risiti nimekutumia. Usiiwashe siku itakapofika, hata ikikuita. Itandaze kwanza juu ya gazeti, na feni uizime, la sivyo utaiokota chini ya kabati.